Kamari ya Farasi: Mkulima Aambiwe Ukweli

Farasi si mnyama wa Mabira. Ng'ombe tunawajua, na pembe ndefu za ng'ombe wa Karagwe zilisifiwa tangu enzi za utawala wa Rumanyika. Lakini mkulima wa kata hii ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, anaweza kumaliza umri wake bila kuwaona farasi wakishindana. Hata hivyo, farasi wamemfikia. Wanakimbia ndani ya simu ya mkononi na katika skrini za maduka ya kubeti, mbio moja baada ya nyingine, usiku na mchana, wengine wakiruka viunzi, na kila mbio ina mahali pa kuweka fedha. Farasi hao ni picha. Fedha inayowekwa ni ya kweli, na katika sehemu zetu fedha hiyo aghalabu imetoka katika kahawa, maharage na ndizi.

Mjadala juu ya kamari umekuwa mrefu. Wako wasemao kwamba ipigwe marufuku bila kuchelewa, kwa kuwa inawafundisha vijana kuvuna wasichopanda. Wako wasemao kwamba mtu mzima ana haki ya kutumia fedha yake apendavyo, na kwamba Serikali inapata kodi. Na wachezaji wenyewe, wanapopoteza, huuliza swali moja: je, mchezo huu hauna hila? Swali hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulijibu kwanza, maana jibu lake ni tofauti na wengi wanavyodhani.

Tuanze huko ambako mbio za farasi ni za nyama na damu. Hapa Afrika Mashariki, jirani zetu wa Kenya wanao uwanja wa Ngong jijini Nairobi, unaoendeshwa na Jockey Club of Kenya. Uingereza, mbio za kuruka viunzi ni desturi ya tangu zamani. Kubwa kupita zote, Grand National ya Aintree karibu na Liverpool, humtaka farasi aruke vikwazo 30 katika mwendo wa karibu kilomita 7. Palipo na mbio za namna hiyo pana dau, na palipo na dau hapakosi mwenye kutafuta njia ya mkato.

Mfano maarufu ni ule wa farasi aliyeitwa Gay Future. Tarehe 26 Agosti 1974, siku ya mapumziko, alishindana katika mbio za viunzi kwenye uwanja mdogo wa Cartmel, kaskazini ya Uingereza. Kundi la watu kutoka Cork, Ayalandi, lilikuwa limeandaa mambo kwa miezi. Mkufunzi mmoja wa Scotland alijulikana kuwa na Gay Future katika zizi lake, kumbe aliyekuwa pale ni farasi mwingine, na Gay Future mwenyewe alikuwa akifundishwa kwa siri Ayalandi. Siku ya mbio alipakwa sabuni ili aonekane ametokwa jasho na kuchoka kabla ya kukimbia, watazamaji wasimtamani. Wakati huohuo, huko London, wenzao walizunguka katika maduka ya kamari wakiweka dau ndogo ndogo, wakimfungamanisha Gay Future na farasi wengine wawili wa mkufunzi huyohuyo. Hao wawili waliondolewa katika mbio zao. Kwa kanuni za mchezo, fedha yote ikamwangukia Gay Future peke yake, naye akashinda kwa kuwaacha wenzake mbali.

Hila hiyo ilivunjika kwa simu moja. Mwandishi wa habari alipiga simu kwenye zizi la mkufunzi akiuliza habari za wale farasi wawili, akajibiwa bila hila kwamba wapo malishoni, hawakuwa wametoka. Mwaka 1976 mahakama ya Preston iliwatia hatiani mkufunzi na kiongozi wa kundi, kila mmoja akatozwa faini ya pauni 1,000. Waingereza wengi waliicheka kesi hiyo, wakiona kwamba safari hii wenye maduka ya kamari ndio walioonja dawa yao wenyewe.

Tangu mwaka 2000 ikaja namna mpya: masoko ya kubeti ya intaneti ambamo mtu aweza kupata faida farasi akishindwa, sawasawa na yule anayepata faida farasi akishinda. Hapo hatari iliongezeka. Kumfanya farasi ashinde ni kazi ngumu; kumfanya ashindwe ni kazi nyepesi, kwa kuwa mpanda farasi akichelewa kidogo tu, mbio zimekwisha. Ndiyo sababu kanuni za mbio za Uingereza zinamkataza mmiliki na mkufunzi kuweka dau la kushindwa kwa farasi wake mwenyewe.

Tumeeleza hayo kwa kusudi moja. Katika mbio za farasi wa kweli, udanganyifu ni uvunjaji wa kanuni. Unahitaji siri, washiriki na uongo, na kwa hiyo unaweza kugunduliwa. Yupo mwamuzi wa kuuliza, yupo mganga wa kumpima farasi, yupo mwandishi wa kupiga simu.

Farasi wa picha hana zizi la kupigiwa simu. Mwaka 2020, Grand National ilipofutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, televisheni ya Uingereza ilionyesha mbio zilizotengenezwa na kompyuta tarehe 4 Aprili, na watu wapatao milioni 4.8 wakazitazama. Farasi aliyepewa ushindi aliitwa Potters Corner, na faida ya dau za siku hiyo, pauni milioni 2.6, ilitolewa kwa hisani ya watumishi wa afya. Hilo lilikuwa jambo jema la siku moja. Lakini mbio za picha za kila siku hazitoi hisani kwa mtu. Mshindi huchaguliwa na programu kwa bahati, na malipo yamekwisha kupangwa kabla farasi hawajaanza kukimbia.

Hapa ndipo tunapomjibu mchezaji anayeuliza kama kuna hila. Tuchukue mfano mwepesi. Farasi wa picha ni sita, na kila mmoja ana nafasi sawa ya kushinda. Mwenye mchezo anaahidi kumlipa mshindi mara tano ya dau lake. Mtu akiweka shilingi 1,000 kwa kila farasi, ametoa shilingi 6,000, na hapana budi mmoja wa farasi wake atashinda. Atalipwa shilingi 5,000. Amepatia, na bado amepungukiwa shilingi 1,000. Hakuna aliyemwibia, wala hakuna farasi aliyezuiwa. Hasara yake haikuletwa na kuvunjwa kwa kanuni. Hasara yake ndiyo kanuni yenyewe.

Viwango hutofautiana kati ya mchezo na mchezo, lakini msingi ni huohuo kila mahali, maana pasipo tofauti hiyo hakuna duka ambalo lingelipa pango. Anayecheza mara moja aweza kubahatika. Anayecheza kila siku anashindana na hesabu, na hesabu haichoki. Mbio za kweli zina msimu na mapumziko. Mbio za picha hurudiwa kila baada ya dakika chache. Mkeka uliochanika asubuhi hufuatwa na mwingine kabla ya adhuhuri, kwa tamaa ya kurudisha kilichopotea. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Wananchi wa Mabira hawana haja ya kufundishwa na Waingereza maana ya jambo hili. Wanaijua butura. Mkulima mwenye shida ya ada au ya matibabu huuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anachuma kahawa ambayo si yake tena. Serikali imeipiga vita butura kwa miaka mingi, na kwa haki, kwa sababu ni mapatano ambayo upande mmoja unajua bei na upande mwingine unajua shida tu. Kamari ya farasi wa picha ni ndugu wa butura. Mmoja anajua hesabu, mwingine ana matumaini tu. Na zikikutana katika nyumba moja, yaani kahawa ikauzwa ingali changa ili kulipa deni la kubeti, basi watoto wa nyumba hiyo wamepoteza mwaka mzima.

Nini kifanyike? Hatuungi mkono marufuku ya jumla. Taifa letu lenyewe lilikuwa na Bahati Nasibu yake kwa sheria ya mwaka 1974, na mchezo uliofukuzwa mchana hurudi usiku bila mwangalizi. Kenya ilizifungia kampuni kadhaa kubwa za kubeti mwaka 2019, lakini kubeti hakukwisha. Uganda, ng'ambo ya Mto Kagera kutoka Murongo, iliweka katika sheria yake ya mwaka 2016 kwamba asiyetimiza miaka 25 asicheze. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya kuisimamia, inamzuia aliye chini ya miaka 18. Sheria ipo. Linalotakiwa ni kutekelezwa hadi vijijini, ambako mtoto akitumwa dukani na simu ya baba yake hakuna wa kumwuliza umri.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanafaa. La kwanza, kila duka na kila mchezo wa simu ulazimishwe kutangaza, kwa Kiswahili chepesi na kwa herufi zinazosomeka, ni shilingi ngapi hurudi kwa wachezaji katika kila shilingi 100 zinazowekwa. Mnunuzi wa sukari ana haki ya kuona mizani. Mchezaji naye aonyeshwe mizani yake. La pili, viongozi wa vijiji na walimu wahakikishe kwamba watoto hawachezi, bila kumwonea haya mwenye duka. La tatu, vyama vya msingi vya ushirika viwafundishe wanachama wao kuweka akiba wakati wa malipo ya kahawa, maana huo ndio wakati fedha inapokuwa nyingi mkononi na washauri wabaya wanapokuwa wengi mlangoni.

Kwa vijana tunasema hivi, bila kuwakaripia. Tunajua kwamba kazi ni haba na kwamba shamba la urithi limegawanywa hadi limekuwa dogo. Anayebeti si lazima awe mvivu. Mara nyingi ni mtu aliyechoka kungoja. Lakini watu wa Cork waliona kwamba haiwezekani kulishinda duka la kamari kwa njia ya haki, ndiyo maana wakatumia sabuni na uongo. Ikiwa wenye farasi halisi waliona hivyo, kijana wa Mabira atamshindaje farasi asiyekuwapo?