Kiti cha Zamani na Rangi Yake

Gesima, katika nyanda za juu za Nyamira, ni nchi ya chai na mvua, na rangi ya kiti cha babu huweza kuchakaa kabla mbao hazijaoza. Kiti hicho kisitupwe. Mwenyewe hukipaka rangi iliyokoza, husugua pembe zake kwa mshumaa, ndipo hukipaka nyeupe. Ikikauka hupitisha msasa polepole, nayo rangi ya chini hutokea pembeni, kiti kikapata sura ya ukale.

Lakini rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto wadogo. Kwa hiyo rangi hiyo isisuguliwe kamwe ikiwa kavu. Ilowanishwe kwanza, kazi ifanywe nje, watoto wawe mbali, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, wala lisifagiliwe.