MSITU WA ASILI WA MILIMANI: JINSI ULIVYOJENGEKA NA JINSI UNAVYOKUA

Wakulima wengi wakaao kando ya msitu huuona kila siku, lakini ni wachache wauangaliao kama waangaliavyo shamba. Msitu wa asili haulimwi wala hautiwi mbolea, na bado umesimama mamia ya miaka bila kuchoka. Shamba lililofyekwa ubavuni pake laweza kuchoka kwa misimu michache. Yafaa tujue sababu, maana ndani yake mna mafunzo ya kilimo, na humo ndimo yatokamo maji tunywayo.

Mfano wetu ni msitu wa Magamba, wilaya ya Lushoto, katika milima ya Usambara ya Magharibi. Huko juu kuna baridi na ukungu. Upande upatao mvua nyingi hupatikana mkulo; upande ulio mkavu zaidi, kuelekea Shume, hupatikana mtarakwa na podo.

1. Orofa za msitu

Msitu wa zamani umejengwa kama nyumba ya orofa. Juu kabisa ni vichwa vya miti mikubwa. Chini yake ni miti ya kimo cha kati, kisha vichaka na miche, kisha kangaga na majani mafupi. Chini ya yote limetandikwa zulia la majani makavu.

Watu hudhani kuwa vichwa vya juu ndivyo viukingavyo udongo. Sivyo. Maji hukusanyika juu ya majani yakadondoka kwa matone makubwa, na tone litokalo juu sana huchimba udongo mtupu. Orofa za chini na zulia la majani ndivyo vilivunjavyo nguvu tone hilo. Kwa hiyo miti mirefu iliyosimama juu ya ardhi iliyofagiwa haizuii mmomonyoko.

2. Wazee, vijana na watoto

Misindano ya shamba la miti hupandwa pamoja, nayo hulingana kimo. Msitu wa asili una miti ya kila umri. Mche mwembamba kama kidole waweza kuwa umengoja kivulini miaka mingi. Mti mzee uangukapo, jua hupenya katika uwazi ule. Kwanza huota miti ipendayo jua, ikuayo upesi na kufa mapema. Chini ya kivuli chake hufuata miti ya kukua polepole, ambayo mwishowe hushika nafasi ya mzee.

Kila mti una desturi yake. Podo huvumilia kivuli. Mtarakwa hausitawi chini ya kivuli cha wazazi wake. Hutaka mahali peupe. Kwa hiyo uonapo mitarakwa mirefu na podo changa chini yake, yaelekea kwamba zamani mahali pale palikuwa wazi, pengine kwa moto. Mbegu za mkulo mara nyingi huharibiwa na wadudu kabla ya kukomaa, basi mti huu hutegemea sana machipukizi ya mizizi. Ukikatwa, na machipukizi yakaliwa na mifugo, ukoo wake hukatika mahali pale.

3. Miti iliyolala

Gogo lililooza si uchafu. Hunyonya maji kama sifongo, na miche huota juu yake. Uyoga, mchwa na wadudu wengine hulivunja polepole, na chakula cha mimea kilichokuwamo hurudi ardhini. Ndiyo mbolea ya msitu: kila kilichotoka udongoni hurudi udongoni. Shambani sisi huvuna tukaondoa, na mabaki tukayachoma.

4. Maji

Miti nayo hunywa maji, na mvua haitoki msituni peke yake. Lakini udongo wa msitu una matundu mengi ya mizizi na wadudu, basi mvua huzama badala ya kuteremka, na chemchemi hutoa maji hata kiangazi. Tena ukungu hushikwa na majani na kuvumwani, ukadondoka kama mvua ndogo.

Jaribu mwenyewe. Ondoa vitako vya makopo mawili yaliyo sawa. Dukiza moja katika udongo chini ya miti ya shambani kwako, palipo na majani makavu, na jingine katika udongo mtupu ulimwao kila mara. Mimina maji kwa kipimo kimoja, uangalie wapi yazama upesi.

5. Yampasayo mkulima

(a) Usiwashe moto karibu na mpaka wa msitu wakati wa kiangazi. Ni kweli kwamba mtarakwa huweza kuota mahali palipoungua, lakini moto wa mara kwa mara huua hata miche yake, na huteketeza zulia la majani.

(b) Usiingize mbuzi wala ng'ombe msituni. Mti mkubwa watabakiza, lakini mrithi wake watamla.

(c) Usichome mabaki ya mahindi na maharage. Yatandaze juu ya udongo au uyafanye mboji.

(d) Jenga orofa shambani: mgrivea juu, migomba na kahawa katikati, maharage chini. Kwenye mteremko, weka matuta yakatayo mteremko.

(e) Panda kuni zako katika ardhi yako mwenyewe, usije ukalazimika kwenda kuzitafuta msituni.

Mkulo ukatwao leo, mjukuu wako hatauona ukubwa wake hata akizeeka. Lakini chemchemi ikikauka, wewe mwenyewe utaliona jambo hilo kabla ya mjukuu.