Divai ya nyumbani: Yafaa ujue haya kabla ya kutia hamira

HUENDA umewahi kuketi katika sherehe ya ruracio, ukaonjeshwa muratina kutoka kwenye pembe, ukajiuliza iwapo wewe mwenye nyumba ya vyumba viwili mtaani Umoja waweza kutengeneza kitu kama hicho jikoni mwako. Au pengine ulitazama bei ya chupa ya divai dukani ukairudisha rafuni polepole. Jibu ni kwamba inawezekana. Kazi yenyewe si ngumu sana kuliko kugandisha maziwa ya mala. Lakini tofauti na mala, hapa kuna sheria, kuna sumu, na kuna chupa zinazoweza kupasuka usiku wa manane, na ndiyo sababu jambo hili limeingia katika kurasa za afya.

Tuanze na sheria, tusije tukakuponza. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa iliyokuwapo lakini ikamtaka mtu awe na leseni kabla ya kutengeneza au kuuza kileo. Leseni hizo siku hizi hushughulikiwa na serikali za kaunti. Kwa hivyo, kabla hujanunua hata nanasi moja, pita katika afisi ya kaunti yako uulize wanataka nini kwa mtu anayetaka kutengeneza lita chache za kunywa nyumbani. Na usithubutu kumuuzia jirani hata bilauri moja.

Sasa tuingie jikoni. Hamira si unga tu kama inavyoonekana ndani ya pakiti. Ni viumbe hai, vidogo mno, vinavyokula sukari. Vikila sukari mahali pasipo na hewa ya kutosha, hutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya kabonidioksaidi ile inayoumua mandazi. Hiyo ndiyo siri yote ya pombe, iwe ni bia ya kiwandani, mnazi wa Kilifi au divai ya Ufaransa. Takriban gramu 17 za sukari katika kila lita moja ya maji hutoa kileo cha asilimia moja. Ikumbuke hesabu hii kwa maana tutairudia.

Bia hutengenezwa kwa nafaka, na nafaka haina sukari bali ina wanga. Hamira haiwezi kuula wanga. Ndiyo maana akina nyanya waliopika busaa waliloweka wimbi kwanza likachipua, wakalianika na kulisaga kupata kimea, kwani mbegu inapochipua hutoa vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Ni ustadi unaotaka kufunzwa na mtu anayeujua. Matunda na asali, kwa upande wao, tayari yana sukari. Kwa mtu anayeanza, basi, divai ya matunda ndiyo njia nyepesi, na kwetu Kenya tunda lisilosumbua ni nanasi.

Kwa lita tano utahitaji mananasi yaliyoiva yatakayokupa kilo mbili baada ya kumenywa, sukari gramu 800, ndimu mbili kubwa, na kijiko kimoja kidogo cha hamira kavu. Hamira ya mkate hufanya kazi, ijapokuwa ile ya divai, ukiipata, huvumilia kileo kikali zaidi na haiachi ladha ya mkate. Kwa vyombo, tafuta ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye kifuniko, mtungi wa lita tano, kitambaa safi, na mpira mwembamba wa urefu wa mita moja hivi.

Hapo kwenye vyombo ndipo watu wengi hukosea. Ndoo iwe ile iliyotengenezewa chakula. Ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba haifai hata ukiisugua wiki nzima, na mtungi uliobeba dawa ya mimea usifikiriwe kabisa. Debe la mabati pia si salama, maadamu asidi ya matunda huyeyusha zinki iliyopakwa juu ya bati, na zinki hiyo humtapisha mnywaji na kumkata tumbo. Hata pipa la chuma lina hatari yake: kusini mwa Afrika, madaktari wamewapata watu wengi wenye madini ya chuma kupita kiasi katika ini kutokana na kunywa kwa miaka mingi pombe iliyochachushwa katika vyombo vya chuma.

Osha kila kitu kwa sabuni na maji moto. Unaweza kusuuza kwa maji yenye Jiki kidogo, halafu usuuze tena mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa. Usichanganye kamwe Jiki na siki au maji ya ndimu, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayounguza mapafu.

Katakata mananasi vipande vidogo, yaponde, kisha uyamwagie lita mbili na nusu za maji yanayochemka ndani ya sufuria ya chuma cha pua. Koroga sukari iyeyuke. Funika, uache yapoe hadi yawe vuguvugu, kiasi cha kuweza kutia kidole bila kushtuka. Ukitia hamira wakati bado ni moto utaiua, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila mwanafunzi. Mimina katika ndoo, ongeza maji ya ndimu na maji yaliyochemshwa yakapoa ili vyote vifike lita tano, tia hamira, ufunike kwa kitambaa. Kesho yake utasikia sauti kama ya soda iliyofunguliwa. Koroga mara moja kwa siku kwa kijiko safi.

Baada ya siku tano chuja kwa kitambaa, mimina katika mtungi, na uupe mtungi njia ya kupumua: toboa kifuniko, pitisha mpira, ziba kandokando, na ncha ya pili uitumbukize katika chupa ya maji. Hewa itatoka kwa mapovu lakini vijidudu vya nje havitaingia. Weka mahali penye kivuli, joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 25. Nairobi mwezi wa Julai kazi itakwenda pole pole, nawe usiwe na haraka. Mombasa itakwenda mbio hata ladha iwe kali, na dawa yake ni kuuketisha mtungi katika karai la maji na kuufunika kwa taulo lililolowa.

Subira ni jambo la usalama hapa. Gramu 800 za sukari zikichachuka zote hutoa zaidi ya lita 200 za hewa. Ukiifunga divai katika chupa kabla haijamaliza, hewa hiyo haina pa kwenda. Jirani mmoja wa mwandishi wa makala haya aliziweka chupa sita chini ya kitanda baada ya wiki mbili tu, na usiku mmoja nyumba nzima iliamka ikidhani imevamiwa. Kwa bahati hakuna aliyekuwa akichungulia humo wakati huo, maana vipande vya chupa hupofua. Ngoja hadi mapovu yamekoma kwa wiki mbili kamili. Ukiweza, nunua haidromita, kipimo cha kuelea kinachofanana na kile ambacho vyama vya ushirika hutumia kupimia maziwa. Mwanzoni kitasoma karibu 1.080. Kikisoma 1.000 au chini yake, na kisibadilike kwa siku kadhaa, divai imemaliza. Inyonye kwa mpira ukiacha machicha chini, kwani hamira hai huvuruga tumbo, halafu uiache itulie miezi miwili au mitatu. Ukiinywa mapema utalalamika kwamba tumekudanganya.

Je, divai hii inaweza kukupofua kama zile pombe tunazosoma habari zake? Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa kina. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na wengine wengi wakapofuka. Mwaka 2005 Machakos ililia, mwaka 2014 zaidi ya watu 80 wakafa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 wakafa wengine kule Kirinyaga. Sumu inayosababisha maafa ya aina hii ni methanoli. Matunda yanapochachuka hutoa methanoli kidogo sana, kiasi ambacho mwili hukimudu. Misiba mikubwa hutokana na watu wenye tamaa kuongeza methanoli ya viwandani katika kinywaji ili kiwe kikali. Basi divai uliyoichachusha mwenyewe kwa nanasi na sukari haina hatari hiyo, mradi mtu asitie kitu kingine. Usijaribu kuikeneka. Kukeneka ndiko kunakoigeuza divai kuwa chang'aa, na mvuke wa kileo karibu na jiko la gesi ni moto unaosubiri kiberiti.

Ubaya wa methanoli ni kwamba dalili huchelewa, aghalabu saa 12 hadi 24. Mtu hulewa, akaamka akidhani ana hangova, kisha kichwa kikauma, tumbo likasokota, macho yakaona ukungu au weupe mtupu. Ukimwona mtu hivyo, usimwambie alale imtoke. Mkimbize hospitalini upesi. Ipo dawa, na wapo waliookoa macho yao kwa kufika mapema.

Sumu nyingine huzungumzwa mara chache, nayo huwahusu hasa wanaotamani kujaribu busaa. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 katika wilaya za mashariki ya Kenya waliokula mahindi yaliyovunda. Kuna desturi mbaya ya kusema kwamba mahindi yasiyofaa kwa ugali yapelekwe kwa mpika busaa. Kuchemsha na kuchachusha hakuiondoi sumu hiyo kiasi cha kuaminika, na ini lililokwisha kuchoshwa na kileo ndilo linalopokea pigo la pili. Nafaka usiyoweza kumpikia mtoto wako uji, usiipikie pombe. Viazi navyo viache. Mwaka 2011, wafungwa wanane katika jimbo la Utah, Marekani, walipata ugonjwa wa botulizimu unaopooza misuli baada ya kunywa pombe ya siri waliyoitia kiazi kilichookwa.

Turudi kwenye ile hesabu. Sukari yako pamoja na ile ya nanasi ni kama gramu 200 kwa lita, yaani kileo cha karibu asilimia 12 ikiwa hamira itamaliza kazi yake. Bilauri ya mililita 250 ya divai hiyo ina kileo kingi kuliko chupa nzima ya bia ya nusu lita. Watu husahau jambo hili kwa sababu divai ya nanasi ni laini na hunyweka kama sharubati. Tumia glasi ndogo, na funguo za gari zikae kwa mwingine.

Wapo wasiostahili kuionja kabisa: mama mjamzito, anayetumia dawa za kifua kikuu au za kisukari bila kumuuliza daktari, aliyeandikiwa Flagyl, mgonjwa wa ini, na yeyote aliyewahi kushindwa kuacha pombe. Huyo wa mwisho asiuweke mtungi nyumbani hata kwa kisingizio cha kujifunza. Tena Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema waziwazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na madhara kwa afya, kwa hivyo usimwamini anayekuambia kwamba divai ya matunda ni dawa ya damu.

Mtungi uandikwe kwa herufi kubwa na uwekwe juu, mbali na watoto. Kwao ni maji matamu ya nanasi tu, na kileo kidogo chaweza kushusha sukari katika damu ya mtoto hadi akazimia.

Na ikiwa baada ya haya yote utaifungua divai yako ukakuta ni chachu na yanuka siki, usivunjike moyo. Hewa iliingia, na bakteria wamekigeuza kileo kuwa siki. Ichuje, itie chupani, uitumie kwa kachumbari. Nanasi hutoa siki nzuri.