KALAMU YA RISASI ISIYOUA

Wazee wetu waliiita penseli "kalamu ya risasi". Jina hilo humchekesha askari, kwani risasi aijuayo yeye ni ile ya bunduki. Kwa hakika, ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa motoni. Njia hiyo ilipatikana mwaka 1795 kwa sababu ya vita. Ufaransa ilikuwa imekatiwa grafiti ya Uingereza, ndipo Nicolas-Jacques Conté, aliyelitumikia jeshi la nchi yake, alipobuni njia ya kutengeneza penseli kwa grafiti kidogo.

Katika shule ya maafisa tulifundishwa kuchora uwanja wa mapigano: kilima, mto na njia. Uso wa binadamu nao una vipimo vyake. Anayeanza kujifunza aghalabu huyaweka macho juu mno, karibu na nywele. Sivyo. Macho hukaa katikati ya kichwa, baina ya utosi na kidevu. Nafasi kati ya jicho na jicho yatosha jicho moja jingine. Ncha ya chini ya pua hukaribia nusu ya njia kutoka nyusi hadi kidevu, na sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa pua. Tuanze na mistari hiyo kwa penseli, kwa mkono mwepesi, kisha tutafute mahali mwenzetu anapotofautiana na vipimo, maana hapo ndipo sura yake ilipo.

Kalamu ya biro haina msamaha, kwani haifutiki. Hata hivyo yafundisha nidhamu: kutazama kwanza, kuchora baadaye. Kivuli hupatikana kwa mistari myembamba iliyopishanishwa, wala si kwa kukandamiza. Ncha ifutwe mara kwa mara kwenye karatasi chakavu, wino usije ukadondoka shavuni mwa mtu.

Askari Mwingereza Ronald Searle alitekwa na Wajapani huko Singapore mwaka 1942, akapelekwa kujenga reli ya Burma. Huko aliwachora mateka wenzake kwa siri, akiificha michoro chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu. Leo michoro yake imo katika Imperial War Museum, London.

Labda msomaji atauliza: ya nini taabu hii, ilhali simu hupiga picha mara moja? Usiku mmoja wa zamu tulimchora mwenzetu kwa biro nyuma ya karatasi ya ratiba. Miezi michache baadaye aliugua, akafariki. Picha zake zilikuwa katika simu iliyopotea. Mama yake aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili, akaitazama kwa kitambo, akasema, "Pua si yake, lakini macho ni ya mwanangu." Tangu siku hiyo tumekuwa tukijifunza pua.

Kwa ndugu zetu wa polisi, ujuzi huu una faida nyingine. Shahidi akieleza sura ya mtuhumiwa, asitiwe maneno kinywani. Tusiseme, "Pua yake ilikuwa pana, sivyo?" Tuulize, "Pua yake ilikuwaje?" Tena tukumbuke kuwa mchoro huo huongoza msako tu, haumtii mtu hatiani. Uso uliokosewa waweza kumpeleka rumande asiye na kosa.

Nasi wa kambini tuchore nyuso, tusichore maghala wala lango la kambi.

Mchagua jembe si mkulima. Penseli moja, biro moja na nusu saa ya mapumziko vyatosha kuanza. Tuanze na mwenzetu wa kitanda cha jirani, angali yupo.