Trekta Limeinuliwa, Ufunguo Usubiri

Kijiko kimoja cha chakula na ziada kidogo juu yake: oili ya kiasi hicho inatosha kupinda konrodi ya trekta dogo. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua injini ya dizeli ya silinda tatu yenye ujazo wa lita 1.1, aina inayofungwa kwenye matrekta madogo ya Kijapani. Kila silinda ina sentimita za ujazo 370 hivi. Dizeli haina plagi ya cheche; huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na katika injini nyingi ndogo za aina hiyo hewa hubanwa mpaka ibaki katika sehemu moja ya 22 ya nafasi iliyokuwa nayo. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 17. Kijiko cha chakula ni mililita 15. Hewa hukubali kubanwa, oili haikubali. Oili ikishaijaza nafasi hiyo, pistoni inayopanda hukwama ghafla huku kranki ikiendelea kusukuma, na kinachopinda ni konrodi iliyo katikati yao.

Trekta likiwa limesimama kwa magurudumu yake, jambo hilo halina nafasi. Oili hukaa chini kwenye sampo, mbali na vichwa vya pistoni. Likilala ubavu au likageuka magurudumu juu, oili hufuata upande wowote ulioinama wakati huo. Hupenya kwenye ringi, hupanda kwenye bomba la kupumulia la injini na kutokea kwenye manifoldi ya hewa. Matrekta yenye eya klina ya bakuli la oili, kama zilivyo Massey Ferguson nyingi za zamani, yana njia nyingine ya mkato: bakuli lenyewe humwagikia kwenye bomba la hewa.

Sehemu za ajali hizi zinajulikana. Ni mashamba ya miteremko ya Njombe na Lushoto, kingo za mifereji ya mpunga Mbarali na Mwea, na njia za shambani ambako tela lililojaa husukuma trekta kutoka nyuma. Kinachofuata pia kinajulikana. Watu hukusanyika, dereva hutolewa, kamba huletwa, trekta husimamishwa kwa shangwe. Halafu anatokea mmoja, na hakosekani, anayesema: "Fundi, hebu piga stata tusikie."

Hapo ndipo injini nyingi huharibika. Trekta limelala kutwa nzima bila kupata jeraha la maana ndani, likaja kuumizwa na sekunde mbili za stata. Na kama betri imeisha nguvu, wazo la pili huwa baya kuliko la kwanza: kulivuta kwa gari au trekta jingine mpaka liwake. Stata ndogo ikikutana na silinda iliyojaa oili huenda ikashindwa kuzungusha, na kushindwa huko kukaiponya injini. Trekta linalovutwa likiwa kwenye gia halina huruma hiyo. Uzito wote wa chuma na mwendo wake huishia kwenye konrodi moja.

Lakini kabla ya injini kuna kuinua kwenyewe, kazi inayofanywa kwa pupa kuliko zote. Ikishathibitika kwamba hakuna mtu aliyebanwa na majeruhi wameondolewa, betri ndiyo ya kwanza kushughulikiwa: waya wa hasi unafunguliwa kwanza, kisha wa chanya. Betri iliyopinduka humwaga asidi, na asidi hula rangi, nyaya na ngozi. Maji mengi yenye magadi ya kuokea huituliza. Dizeli inayovuja haishiki moto haraka kama petroli, ila ikitiririkia ekzosi ya moto inaweza kuwaka, kwa hiyo sigara na vibatari vikae mbali. Kamba ya kuvutia hufungwa kwenye ekseli ya nyuma au kwenye mwili imara wa trekta; usukani, madigadi na fremu ya kumkinga dereva si mahali pake. Kamba ya pili hufungwa upande wa pili na kushikiliwa na gari jingine, ili trekta likishavuka katikati lisidondoke kwa kishindo na kubingirika tena upande wa pili. Kishindo hicho cha kusimama ndicho hupasua vitu ambavyo ajali yenyewe iliviacha vizima.

Fundi makini akifika huanza na maswali kabla hajashika spana. Injini ilizimika yenyewe trekta lilipoanguka, au iliendelea kunguruma magurudumu yakiwa juu? Kwa muda gani? Pampu ya oili hufyonza kutoka chini ya sampo, na trekta likigeuka pampu hufyonza hewa. Injini iliyozimwa mara moja ina nafuu kubwa. Iliyonguruma dakika kadhaa bila oili imeshakwangua bushi za kranki, na hiyo itabidi ifunguliwe chini hata kama itawaka vizuri. Trekta limelala saa ngapi, na upande gani? Liliangukia kwenye maji? Kama lilizama mferejini, vipimo vyote vya oili hukaguliwa kwa rangi: oili iliyogeuka kuwa na weupe wa maziwa imechanganyika na maji, hivyo humwagwa yote, injini hadi giaboksi, kabla chochote hakijazungushwa.

Baada ya maswali, subira. Trekta likishasimama sawasawa huachwa saa kadhaa, ikiwezekana usiku mzima, ili oili iteremke yenyewe kurudi kwenye sampo. Kinachobaki juu ya pistoni hutolewa kwa kufungua nozeli au plagi za kupashia moto, zote, kwenye kila silinda. Eya klina huvuliwa na bomba lake kupanguswa mpaka liwe kavu, pamoja na manifoldi, maana oili iliyotuama humo itamiminika silindani mara tu vali itakapofunguka.

Kisha spana hushikwa kwenye nati ya mbele ya kranki na injini kuzungushwa kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Miwili, kwa sababu injini ya mipigo minne humaliza kazi yake kwa mizunguko miwili, na mmoja tu unaweza kuacha vali fulani haijafunguka. Mtu anayezungusha husikiliza kwa mikono yake. Ikizunguka kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, ni dalili njema. Ikigota mahali, husimama hapo hapo na kutafuta sababu. Kuongeza bomba kwenye spana ili kuilazimisha ni kuifanya kazi ile ile ya stata. Ikipita salama, stata sasa inaweza kupigwa, nozeli zikiwa bado nje na watu wakiwa wamekaa pembeni, kwa kuwa oili itaruka kutoka kwenye matundu kwa nguvu ya kupofusha macho.

Matundu yakiwa wazi ndiyo nafasi ya kupima mbano wa kila silinda. Fundi mwenye geji huangalia zaidi tofauti baina ya silinda kuliko namba yenyewe. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, konrodi yake hutiliwa shaka: iliyopinda kidogo hufanya pistoni isifike juu kama zamani, mbano ukashuka. Injini kama hiyo huwaka, hulima hata msimu mmoja, kisha siku moja inanoki na konrodi kutoboa ubavu wa bloku. Mwenye trekta huilaumu oili mbaya, akiwa ameshasahau ajali.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kuna hatari yake nyingine. Dizeli hudhibitiwa kwa kupimiwa mafuta. Hewa huachiwa ijiingilie. Mabaki ya oili kwenye manifoldi yakivutwa ndani huwa ni mafuta ya kuwaka yasiyopitia pampu, na injini huanza kupanda mzunguko yenyewe, ikilia na kufoka moshi. Kuzima swichi hakusaidii, wala kuvuta waya wa kuzimia, kwa sababu vyote hukata dizeli tu. Dawa ni kuinyima hewa. Ndiyo maana mafundi wazoefu huwasha mdomo wa manifoldi ukiwa wazi na kipande cha ubao mnene kikiwa mkononi, tayari kuuziba. Mkono hauzibi mdomo huo, na tambara hufyonzwa ndani.

Moshi wa bluu na mweupe wa dakika za mwanzo ni wa kawaida, unaisha kadiri oili inavyoungua. Taa ya oili ndiyo isiyosamehewa: isipozimika katika sekunde chache, injini inazimwa. Kabla ya hapo, bila shaka, upepo umetolewa kwenye mfumo wa dizeli, kuanzia kichujio hadi kwenye pampu na mabomba ya nozeli, na oili ya injini, giaboksi, haidroliki na maji ya rejeta vimeongezwa kufikia alama. Feni nayo huangaliwa kama haigusi rejeta, maana boneti iliyobonyea husogeza rejeta nyuma bila kuonekana.

Boneti, taa na madigadi ni gharama za sura, havina haraka. Mifupa ndiyo yenye haraka. Lori lina chesisi ndefu ya kubebea injini. Matrekta mengi hayana. Injini, nyumba ya klachi, giaboksi na difu hufungwa kwa bolti kichwa kwa mkia, na mnyororo huo wa chuma cha kuyeyusha ndio unaobeba kila kitu. Chuma cha namna hiyo hakipindi, hupasuka, tena ufa unaweza kuwa mwembamba usioonekana hata pakioshwa. Njia ya zamani ya karakana bado inafanya kazi. Sehemu huoshwa ikatakata, hupakwa mafuta ya taa, huachwa dakika chache, hufutwa ikauka, halafu hupakwa chaki ya unga. Palipo na ufa, mafuta ya taa yaliyojificha hutoka tena na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Pa kuangalia zaidi ni maungio ya nyumba ya klachi, shingo za ekseli ya nyuma na masikio ya bolti za mbele zinazoshika ekseli.

Mbele, jeki huwekwa katikati ya ekseli na magurudumu kutikiswa juu chini, kisha kushoto kulia. Pini ya katikati, spindo na tairodi ndivyo vinavyopinda. Futi ya kamba hutoa jibu la haraka: alama ya chaki kwenye kila tairi kwa urefu wa hapu, umbali ukapimwa mbele, magurudumu yakazungushwa nusu, ukapimwa nyuma. Tofauti inayotakiwa ni milimita chache na imeandikwa kwenye kitabu cha trekta. Ikiwa sentimita mbili au tatu, kuna kitu kimepinda. Nyuma, gurudumu huinuliwa na kuzungushwa kwa mkono huku chaki ikishikiliwa karibu na rimu. Rimu iliyopinda ni bei ndogo. Lakini kama hapu yenyewe inacheza, shafti imepinda, na difu itafunguliwa. Breki hujaribiwa pahali tambarare, kila pedali peke yake kisha zote mbili zikiwa zimeunganishwa, kabla trekta halijaonyeshwa mteremko wowote.

Inabaki fremu ya kumkinga dereva, ambayo ndiyo huleta ubishi mkubwa kuliko vyote. Sweden ilianza kulazimisha matrekta mapya yawe na kinga hiyo mwaka 1959, na vifo vya kupinduka huko vikapungua mno kadiri matrekta ya zamani yalivyoondoka mashambani. Fremu hupimwa kiwandani kwa kusukumwa kutoka nyuma na ubavuni na kukandamizwa kutoka juu. Inaruhusiwa kupinda, mradi isiingie kwenye nafasi ya dereva. Kupinda ndiyo kazi yake, hiyo ndiyo namna inavyomeza nguvu ya anguko. Ikishapinda mara moja, chuma chake kimeshatumia uwezo wa kunyumbuka. Fundi wa kuchomelea ataipasha moto, ataivuta kwa jeki, ataipiga rangi, na itaonekana mpya. Moto wake umebadilisha chuma, na hakuna atakayejua imebaki na nguvu kiasi gani mpaka trekta lipinduke tena na mtu akiwa chini yake. Fremu iliyopinda hubadilishwa, pamoja na bolti zake, na bolti mpya ziwe na namba ile ile kichwani, 8.8 au 10.9 kama kiwanda kilivyoweka. Ile ya kukunjwa, inayolazwa ili trekta lipite chini ya mibuni au miembe, hukaguliwa pini na matundu yake, maana matundu hurefuka yakawa na umbo la yai.

Yapo matrekta mengi madogo ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa ajili ya majaruba ya kwao na kutoka kiwandani bila fremu yoyote. Mwenye trekta la namna hiyo lililokwisha pinduka mara moja ana sababu nzuri ya kutafuta fremu iliyotengenezwa kwa modeli yake kabla ya kununua boneti. Na mkanda wa kiti hufungwa palipo na fremu iliyosimama tu; pasipo na fremu, au ikiwa imelazwa, mkanda humfunga dereva chini ya chuma.

Kazi ikishaanza, huwa nyepesi kwa saa 10 za mwanzo: haro badala ya jembe la sahani, tambarare badala ya mlima. Baada ya hapo bolti za magurudumu, za fremu na za maungio ya mwili hukazwa upya, oili ya injini humwagwa na kichujio chake kukatwa. Karatasi ya ndani hukunjuliwa juani. Ikiwa nyeusi tu, trekta linarudi shambani. Zikionekana punje zinazometa, bushi za kranki zinakwisha, na sampo ifunguliwe wiki hiyo hiyo.