Mfuatano una maana au hauna? Swali linalowakwamisha wengi katika hesabu

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI wa kidato cha tano anayechukua PCM husoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Herufi hizo zikigeuzwa zikawa MCP, masomo hubaki yaleyale. Kwa hiyo jina "kombinesheni" lililozoeleka shuleni ni sahihi kihisabati, ingawa pengine wengi wanaolitamka hawajalitafakari: ni uteuzi usiojali nani ametangulia.

Pale mfuatano unapobadili jibu, hesabu huitwa pamutesheni. Kanuni zote mbili hukaririwa vizuri. Tatizo ni kuamua itumike ipi. Njia ya uhakika ni kuchukua jibu moja, kubadilishana nafasi za vitu viwili vilivyomo, kisha kujiuliza kama limepatikana jibu jipya au ni lilelile.

Soka linatoa mfano mzuri. Kundi la timu nne katika Kombe la Dunia lina mechi sita, kwa kuwa kila jozi hukutana mara moja. Katika ligi ya nyumbani na ugenini, Simba kuikaribisha Yanga ni mechi moja na Yanga kuikaribisha Simba ni nyingine. Ndiyo maana Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ikiwa na timu 20 msimu wa 2019/2020, ilihitaji ratiba ya mechi 380, yaani 20 mara 19. Msimu wa 2021/2022 timu zilikuwa 16, na mechi 240. Ambaye angetumia kombinesheni angepata 120, akaiacha nusu ya msimu bila ratiba.

Mkanganyiko huo hugusa hata mfuko. Katika bahati nasibu ya taifa ya Uingereza iliyoanza mwaka 1994, mchezaji alichagua namba sita kati ya 49. Mipira hutoka mmoja mmoja, hivyo ni rahisi kudhani kwamba mfuatano unahesabika. La hasha, mshindi hulipwa bila kujali ipi ilitangulia. Mipangilio ni 10,068,347,520, lakini namba sita zilezile hupangika kwa namna 720. Ukigawanya, zinabaki tiketi tofauti 13,983,816. Oktoba 2015 namba ziliongezwa hadi 59, na idadi hiyo ikaruka hadi 45,057,474. Kwa nyongeza ya mipira kumi tu, matumaini ya mchezaji yalipungua hadi chini ya theluthi moja.

Kwenye namba ya siri, mfuatano ndio kila kitu. Mlango wenye namba ya tarakimu nne, ambao vitufe vinne vimechakaa kwa kubonyezwa, humwachia mwizi mipangilio 24 ya kujaribu. Vikichakaa vitatu, wengi watadhani kazi imekuwa nyepesi. Kumbe tarakimu moja imerudiwa, na mwizi hajui ni ipi kati ya tatu. Kila moja ina mipangilio 12, hivyo anakabiliwa na 36.