Vijana na Kuishauri Serikali

Hoja moja hurudi karibu kila mwaka katika chama chetu cha midahalo, nayo ni hii: vijana wasubiri wakue ndipo waishauri Serikali. Muhula huu imerudi tena, na upande wa kukubali ukashinda kwa kura chache. Mimi nilikuwa katibu wa kikao, na katibu hasemi. Mhariri amenipa nafasi katika gazeti letu, basi nataka kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hili lilivyo, kwa maana naona pande zote mbili zilisema sana juu ya heshima na umri, na kidogo mno juu ya ushauri wenyewe.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wetu twadhani mtu hana neno mbele ya Serikali mpaka atimize miaka 18 na kupata kadi ya kupigia kura. Si hivyo. Kura ni jambo moja, na maoni ni jambo jingine. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na taifa lake. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na nchi yetu ikauridhia mwaka 1991. Ibara yake ya 12 yasema kuwa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake apewe nafasi ya kuyatoa, nayo yapewe uzito kwa kadiri ya umri wake na upevu wake. Bunge letu likaliweka jambo hilo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11: mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Angalieni neno "kusikilizwa". Halina maana ya kukubaliwa. Mtu aweza kukusikiliza mpaka mwisho, akakushukuru, kisha akafanya vingine kwa sababu anazozijua yeye. Unachoweza kumdai ni akuambie sababu hizo.

Je, Serikali yahitaji nini kutoka kwetu, nayo ina wataalamu na vitabu vya hesabu? Wahenga walikwisha jibu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. (Sisi wa bwenini methali hii hatuhitaji kufafanuliwa.) Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu, na karibu nusu yao walikuwa chini ya miaka 18. Ofisa aliye mjini ajua ni wangapi. Lakini kama maji ya bomba hutoka saa kumi za usiku tu, au kama mto hujaa mwezi wa Aprili na watoto wa ng'ambo hawafiki darasani, hilo hulijui ila ukiwa pale.

Mfano wa hakika ni huu, na kaka zangu wasione haya kuusoma. Mwezi Julai mwaka 2018 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani katika taulo za kike, ili bei ishuke na wasichana wasikose masomo. Ulikuwa uamuzi mwema, na wengi waliupigania. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya mwaka 2019, kodi ile ilirudishwa. Waziri wa Fedha alieleza Bungeni kuwa bei haikushuka kama ilivyotarajiwa, na kwamba faida haikuwafikia walaji. Basi fikirini: ni nani ajuaye bei ya pakiti moja katika duka la kijijini? Ni msichana anayeinunua. Lau klabu za wasichana mashuleni zingalikuwa zimeandika bei hiyo kila mwezi, duka kwa duka, na kuipeleka Halmashauri, Serikali ingalikuwa na karatasi ya kuwaonyesha wafanyabiashara mapema, kabla mwaka haujaisha. Majirani zetu wa Kenya waliondoa kodi hiyo mwaka 2004, kisha mwaka 2017 wakarekebisha sheria yao ya elimu ili Serikali itoe taulo bure kwa wasichana wa shule. Naona walijifunza kuwa kodi peke yake haitoshi.

Sasa niingie katika habari za zamani, maana katika mdahalo mmoja wetu alisema kuwa vijana wa siku zile hawakuthubutu kuisemesha Serikali. Walithubutu sana. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali iliamua kuwa wasomi wa vyuo nao watumikie kwa lazima muda wa miaka miwili: miezi ya kwanza kambini, na miezi 18 iliyobaki katika kazi zao, kwa malipo ya asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akakaa akawasikiliza mpaka tamko lao likaisha.

Tamko lile lilikuwa na mambo mawili ndani yake. Moja lilihusu nafsi zao, yaani kukatwa mishahara. La pili lilikuwa zito zaidi: kwa nini vijana waambiwe wajinyime, na wakubwa wanaishi kwa mishahara minono? Nalo liliishia kwa sharti, kwamba mambo yasipobadilika wao hawatautumikia mpango ule kwa moyo. Mwalimu alikasirika. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa siku ile ile, wakarudishwa makwao. Lakini juu ya jambo la pili hakubishana nao. Alikubali kuwa mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, akapunguza wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya mawaziri pia ikakatwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake kwa viongozi. Wengi wa wanafunzi wale walipokelewa tena chuoni mwaka huo.

Walimu wetu wa historia huenda wakaitafsiri habari hii kwa namna nyingine. Mimi naona kuwa katika tamko lile ushauri wa kweli na sharti vilifungwa pamoja katika bahasha moja. Sharti likawafukuzisha waandishi, na ushauri ukafanyiwa kazi bila wao. Ni hasara kwa pande zote mbili, kwa maana waliouona ukweli ule hawakuwapo kusaidia kuutekeleza. Utumishi wa lazima wenyewe uliendelea mpaka ukasimamishwa mwaka 1994, ukarudi mwaka 2013 kwa wanaomaliza Kidato cha Sita. Nami nitakwenda, Mungu akipenda.

Milango ya kupitishia ushauri ipo, ingawa si yote iliyo wazi sawasawa. Liko Baraza la Watoto, ambalo lina ngazi ya taifa na ngazi za chini yake. Bunge nalo, muswada ukiisha kusomwa mara ya kwanza, huupeleka katika kamati, na kamati huwaita wananchi watoe maoni. Ni watu wachache mno wa rika letu wanaojua kuwa barua yao yaweza kupokewa pale. Uko mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria yataka uitishwe kila miezi mitatu. Lakini huo ni wa waliotimiza miaka 18, kwa hiyo sisi tulio wadogo hatuna budi kupitia kwa wazazi. Kuhusu Baraza la Vijana la Taifa, sheria yake ilipitishwa mwaka 2015, na miaka mingi ikapita bila baraza lenyewe kuundwa. Uko pia mlango wa mahakama kwa mambo yanayogusa Katiba. Bibi Rebeca Gyumi aliupitia huo akipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019.

Haya yote nimeyaeleza kwa sababu liko jambo linalokuja ambalo litaigusa shule hii moja kwa moja. Chini ya sera mpya ya elimu, elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima ni miaka kumi. Watoto walioanza Darasa la Tatu mwezi Januari 2024 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027. Waliowatangulia kwa darasa moja watamaliza Darasa la Saba mwaka huo huo wa 2027. Maana yake ni kwamba Januari 2028 madarasa mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja, nchi nzima. Wazazi, hao ndio wadogo zetu mnaowaona nyumbani jioni.

Serikali yajua hesabu hiyo, kwani ndiyo iliyoipanga. Lakini shule yetu hii haijui kama tunavyoijua sisi. Kanuni ya vyoo vya shule ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Kuyahesabu matundu yanayotumika kweli, si yale yaliyoandikwa katika daftari, ni kazi ya asubuhi moja. Vivyo hivyo madawati yasiyovunjika, vitanda, na dakika anazotumia mwenzetu wa kutwa tangu kwao hadi hapa wakati wa masika. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti ya mwaka 2027/28 ndiyo ya mwisho kabla ya kundi hilo kufika. Mipango yake huanzia kijijini, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Halmashauri, muda mrefu kabla Bunge halijaketi Aprili 2027 kuijadili. Barua itakayoandikwa baada ya hapo itakuwa malalamiko tu.

Kwa hiyo wenzangu wanne nami, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, tumeanza kuhesabu. Kila hesabu tunaandika tarehe na jina la aliyehesabu. Barua itaomba mambo mawili tu, maji karibu na mabweni ya wasichana na vyoo, kwa sababu ombi la mambo kumi humpa mpokeaji nafasi ya kuchagua lile jepesi. Mwishoni tutaomba jibu la maandishi, hata kama jibu ni hapana, pamoja na sababu zake. Itasomwa kwanza katika baraza la shule wiki mbili kabla ya kufunga muhula, halafu Mkuu wa Shule ataifikisha kwa Bodi na kwa Diwani. Mzazi aliye na neno la kuongeza, hasa anayekaa ng'ambo ya mto, amwandikie Kiranja Mkuu kwa anwani ya shule.